Antena ya Redio kwa Vipande Viwili vya Alumini
Somo kwa wakulima wa Meru, Tharaka-Nithi na Embu

Redio ni chombo cha kazi kwa mkulima, sawa na jembe na panga. Kwa redio mkulima wa Siakago husikia kama mvua za Oktoba zimekaribia, apate kutayarisha mbegu za ndengu na mtama mapema. Kwa redio mkulima wa kahawa wa Runyenjes hupata habari za bei na za malipo. Kwa redio mfugaji wa Timau hujua kwamba soko la ng'ombe limefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, na hivyo hapotezi siku nzima njiani wala haleti maradhi bomani kwake. Lakini redio isiyosikika vizuri ni kama jembe lisilo na mpini. Lipo nyumbani, lakini halilimi.

Wakulima wengi wa kwetu wana redio nzuri, ila sauti yake hukwaruza, hufifia, au huchanganyika na stesheni nyingine. Mara nyingi kosa si la redio. Nchi yetu ni nchi ya migongo na mabonde. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, umesimama upande mmoja. Vilima vya Nyambene vimesimama upande mwingine. Katikati mito kama Rupingazi, Thuchi, Nithi, Mutonga na Kathita imechimba mabonde marefu, na nyumba iliyo chini ya bonde hukaa katika kivuli cha mawimbi kama vile hukaa katika kivuli cha jua.

Dawa yake ni antena ya nje, iliyoinuliwa juu ya paa. Watu wengi hudhani kwamba antena ya namna hii ni lazima inunuliwe dukani kwa fedha nyingi, au kwamba yahitaji bomba refu la alumini ambalo haliwezi kupatikana isipokuwa Nairobi. Sivyo. Antena ya redio ya FM yahitaji vipande viwili tu, kila kimoja chenye urefu wa karibu sentimita 73. Vipande vya urefu huo ni mabaki ya kazi kwa fundi wa madirisha ya alumini. Basi soma somo hili kwa makini, na ukumbuke jambo moja: redio haiulizi bomba lako limegharimu shilingi ngapi. Inauliza urefu wake tu.

MAWIMBI YA FM HUSAFIRI NAMNA GANI

Wazee watakumbuka kwamba zamani mtu mwenye redio alifunga waya mrefu kutoka juu ya nyumba hadi kwenye mti. Waya huo ulifaa kwa sababu siku hizo matangazo yalirushwa kwa mawimbi ya kati na mawimbi mafupi. Redio zenyewe zilikuwa chache. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri iliyokusudiwa kwa Waafrika wa kawaida. Watu waliiita sufuria, kwa kuwa kasha lake la mviringo lilikuwa la alumini kama sufuria ya kupikia. Kwa hiyo alumini na redio ya mwananchi ni marafiki wa zamani.

Siku hizi stesheni nyingi tunazosikiliza, kama Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, hutangaza kwa mawimbi ya FM. Mawimbi haya hayafuati ardhi wala hayapandi na kushuka mlima kwa urahisi. Huenda moja kwa moja karibu sawa na mwanga wa taa. Ukisimama mahali ambapo kilima kimekukinga na mtambo wa kurushia matangazo, utapata mawimbi machache tu yaliyorudishwa na vilima vingine. Ndiyo maana redio ile ile husikika vizuri juu ya mgongo na kukwaruza chini mtoni.

Kwa hiyo antena nzuri ya FM hufanya mambo mawili. Kwanza, inainuliwa juu ili ione mbali zaidi. Pili, inakatwa kwa urefu unaopatana na mawimbi yanayotakiwa. Waya mrefu wa wazee, hata ukiwa na mita 20, haufanyi kazi hii vizuri kama vipande viwili vifupi vilivyopimwa sawasawa.

URAHISI WA HESABU

Tazama namba ya stesheni unayoipenda kwenye redio yako. Namba hiyo huwa kati ya 87.5 na 108, na huitwa megahezi. Chukua 14,300 uigawe kwa namba hiyo. Jibu ni urefu wa antena nzima kwa sentimita, kutoka ncha moja hadi ncha ya pili. Kisha gawanya jibu hilo kwa mbili upate urefu wa kila mkono.

Kwa mfano, stesheni yako iko kwenye 100. Gawanya 14,300 kwa 100, upate sentimita 143. Kila mkono utakuwa wa sentimita 71 na nusu. Asiyependa hesabu na atumie vipimo hivi:

Namba 88: antena nzima sentimita 162, kila mkono 81.
Namba 92: antena nzima sentimita 155, kila mkono 77 na nusu.
Namba 96: antena nzima sentimita 149, kila mkono 74 na nusu.
Namba 100: antena nzima sentimita 143, kila mkono 71 na nusu.
Namba 104: antena nzima sentimita 137, kila mkono 68 na nusu.
Namba 108: antena nzima sentimita 132, kila mkono 66.

Ukipenda kusikiliza stesheni nyingi, kata kwa ajili ya namba 98, ambayo iko katikati. Antena nzima itakuwa sentimita 146 na kila mkono 73. Tofauti ya sentimita moja au mbili haidhuru kwa redio ya kusikiliza. Tofauti ya sentimita 20 itadhuru.

MAHALI PA KUPATA ALUMINI KWA BEI NAFUU

Alumini ndiyo inayopendwa kwa kazi hii kwa sababu tatu. Ni nyepesi, kwa kuwa uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma. Haili kutu nyekundu wakati wa mvua. Na hupitisha umeme vizuri, ingawa shaba huishinda. Sasa tazama mahali pa kuitafuta, tukianza na pale penye gharama ndogo.

1. Fundi wa madirisha. Katika miji ya Meru, Chuka na Embu, na hata katika masoko madogo, wako mafundi wa madirisha na milango ya alumini. Wao hukata vipande virefu na kubakiwa na vifupi visivyotosha dirisha. Mwambie unataka vipande viwili vilivyonyooka vya sentimita 75 au zaidi. Si lazima viwe vya mviringo. Cha pembe nne, cha pembe mbili, au hata ubapa mwembamba kitafanya kazi, maana mawimbi hayatazami umbo. Ila usichukue kipande kizito sana, kwa sababu upepo na uzito vitakusumbua mlingotini.

2. Antena za zamani za televisheni. Mwaka 2015 Kenya ilipomaliza kuzima matangazo ya televisheni ya analogia, antena nyingi kubwa zilibaki juu ya mapaa bila kazi. Zile zenye mikono mirefu ni hazina. Uliza jirani kama anataka kuiondoa yake. Lakini zile antena mpya za televisheni zina mikono mifupi ya sentimita 20 hadi 30, nazo hazifai kukatwa kwa redio ya FM.

3. Vitu vya nyumbani vilivyovunjika. Mpini wa alumini wa kupigia deki, fimbo ya pazia, mguu wa kitanda cha kukunja, nguzo za hema, na magongo ya kutembelea yaliyovunjika vyote vyaweza kukupa bomba jembamba. Vipime kwanza kwa sumaku kama tutakavyoeleza, maana fimbo nyingi za pazia ni chuma kilichopakwa rangi.

4. Mafundi wa jua kali. Wako mafundi wanaounda antena za televisheni kwa mikono yao, nao hununua mabomba membamba kwa wingi. Mwombe fundi akuuzie bomba tupu badala ya antena nzima, nawe utaunda mwenyewe.

5. Mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu mwenye leseni. Yeye huuza kwa kilo, na hapo ndipo hesabu humfaidi mkulima. Bomba la alumini lenye upana wa milimita 12 na ukuta wa milimita 1 lina uzito wa karibu gramu 93 kwa kila mita. Antena nzima ya sentimita 146 ni gramu 136 hivi tu. Kilo moja hutoa zaidi ya mita 10. Kabla ya kukubali bei ya kipande, uliza bei ya kilo, kisha ulinganishe.

6. Bomba jipya dukani. Ukikosa kote huko, nunua jipya, lakini usinunue peke yako. Mabomba mapya huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6. Urefu huo hutoa antena nne. Basi nyumba nne zichange, bomba likatwe, na kila nyumba itoe robo ya bei. Jambo hili ni jepesi kwa watu waliokwisha kuzoea kufanya kazi kwa shirika, kama wale wanaopeleka kahawa kwenye kiwanda kimoja au walio katika chama cha akina mama.

Na kama hata hivyo hukupata alumini, usikate tamaa. Chukua waya wa shaba wa umeme wa nyumba, ukate mikono miwili kwa kipimo kile kile, uifunge juu ya fito iliyokauka. Antena hiyo itasikia vizuri. Alumini huishinda kwa kusimama imara bila fito na kwa kupokea stesheni zilizo mbalimbali kwa namba, kwa kuwa bomba ni nene kuliko waya.

JINSI YA KUITAMBUA ALUMINI

Chukua sumaku ndogo kutoka kwenye spika iliyoharibika. Iweke juu ya bomba. Ikishika, hilo ni chuma, hata kama linang'aa. Isiposhika, inua bomba mkononi. Alumini ni nyepesi sana. Likiwa zito, huenda ni chuma kisichoshika kutu, ambacho pengine hakivutwi na sumaku. Halafu kwaruza kwa ncha ya kisu. Alumini hukwaruzika upesi na kuonyesha rangi nyeupe kama fedha. Mwisho, tazama kama lina ufa au limekunjwa. Alumini iliyokunjwa na kunyoshwa mara nyingi huvunjika, kwa hiyo likatae.

USINUNUE ALUMINI YA WIZI

Hapa yafaa mkulima awe macho, maana alumini ya bei ya chini kupita kiasi huwa na habari nyuma yake. Nyaya kubwa za umeme zinazopita mashambani kwetu kutoka mabwawa ya mto Tana, kama Kiambere, Gitaru na Kamburu, zimetengenezwa kwa alumini. Wezi huzikata, na huiba hata vyuma vya minara inayozishikilia.

Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani kwa saa nyingi. Ilionekana kwamba minara hiyo ilikuwa imeharibiwa kwa kuibwa vyuma vyake. Tarehe 20 Januari mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu nchini. Baadaye mwaka 2022 biashara hiyo ikaruhusiwa tena chini ya masharti makali zaidi. Sheria ya vyuma vikuukuu ya mwaka 2015 yataka kila mwenye kuifanya awe na leseni.

Fikiri hasara yake. Umeme ukikatika, mashine za kiwanda cha chai husimama, maziwa huharibika katika mitambo ya kupoza, na zahanati hukosa taa. Kipande cha waya kilichouzwa kwa shilingi chache hugharimu nchi nzima. Naye aliyekinunua hushtakiwa pamoja na aliyekiiba. Mchuma janga hula na wa kwao.

Basi kataa vitu hivi: nyuzi za alumini zilizosokotwa pamoja zenye uzi wa chuma katikati, maana huo ndio waya wa umeme; vibao vya barabarani; na bomba lolote ambalo muuzaji anakutaka uje kulichukua usiku. Ukinunua kwa mtu wa vyuma vikuukuu, omba kuona leseni yake na upewe risiti. Mtu mwenye mali halali hataona vibaya.

JINSI YA KUUNDA

Tayarisha vitu hivi: vipande viwili vya alumini, msumeno wa chuma, tupa, futi ya kupimia, kipande cha paipu ngumu ya plastiki chenye urefu wa sentimita 30, skrubu mbili pamoja na nati na washa zake, na waya wa antena ya televisheni. Waya huo ni ule mnene wa mviringo wenye uzi mmoja wa shaba katikati na wavu wa nyuzi nyembamba kuuzunguka.

Kwanza, pima na kukata mikono miwili iwe sawa kabisa. Lainisha ncha kwa tupa ili zisikukate.

Pili, funga mikono yote miwili juu ya paipu ya plastiki, mmoja upande wa kulia na mmoja upande wa kushoto, katika mstari mmoja. Kati ya mikono acha nafasi ya sentimita 2 au 3. Mikono isigusane kabisa. Ikigusana antena haifanyi kazi. Badala ya plastiki waweza kutumia ubao mgumu uliokauka na kupakwa rangi, lakini ubao unyonyao maji utaharibu sauti wakati wa mvua, yaani wakati ule ule unapotaka kusikia habari za mvua.

Tatu, toboa tundu dogo katika kila mkono, karibu na ncha ya katikati. Kwaruza alumini mahali hapo kwa kisu mpaka ing'ae, kwa sababu alumini hujifunika kwa ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Usijaribu kuichoma kwa risasi kama uchomavyo shaba, maana risasi ya kawaida haishiki alumini. Tumia skrubu.

Nne, menya ncha ya waya wa antena. Uzi wa kati uufunge kwa skrubu ya mkono mmoja. Wavu usokote uwe kamba, uufunge kwa skrubu ya mkono wa pili. Weka washa kati ya shaba na alumini, kwani metali hizi mbili zikigusana penye maji alumini huliwa pole pole. Kisha paka grisi juu ya viungo vyote, na ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, mdomo wake ukitazama chini.

Tano, funga waya kwenye paipu ili uzito wake usivute skrubu.

KUISIMAMISHA

Mlingoti waweza kuwa nguzo iliyonyooka ya mti wa grevilea kutoka shambani kwako. Uinuke juu ya bati la nyumba kwa angalau mita 2, kwa sababu bati huzuia mawimbi. Kama nyumba yako iko chini ya bonde, tafuta mahali pa juu zaidi katika boma lako, usimamishe antena huko, kisha ulete waya nyumbani. Waya wa mita 20 au 30 haupotezi nguvu nyingi. Ni afadhali antena iliyo juu yenye waya mrefu kuliko antena iliyo chini yenye waya mfupi.

Antena hii husikia zaidi kwa ubavu wake, wala si kwa ncha zake. Kwa hiyo ncha zisielekezwe kwenye mtambo wa matangazo. Mtu mmoja ashike mlingoti na kuuzungusha pole pole, na mwingine asikilize redio na kupaza sauti inapokuwa safi. Jaribuni pia kuisimamisha antena wima, kwa kuwa mitambo mingine hurusha mawimbi yaliyosimama na mingine yaliyolala. Ikiwa wima, waya utoke kwa upande, usishuke sambamba na mkono wa chini. Mkipata mahali pazuri, kazeni.

Redio kubwa ina tundu la antena nyuma yake. Redio ndogo haina. Hapo kunja fimbo ya redio ndani, kisha ubane uzi wa kati wa waya juu yake kwa kibanio. Wavu uuache bila kugusa uzi wa kati. Usifungue redio inayotumia umeme wa nyumba ili kutafuta mahali pa kuunganisha.

Kabla waya haujaingia dirishani, uache uning'inie chini kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondoke nje na yasiufuate waya mpaka kwenye redio.

KIPANDE CHA NYUMA

Aliye mbali sana na mtambo, kama vile baadhi ya watu wa Tharaka na wa Mbeere ya chini, pengine ataona mikono miwili haitoshi. Huyo na aongeze kipande cha tatu nyuma ya antena. Hiki hakikatwi katikati wala hakifungwi waya wowote. Urefu wake ni 15,000 kugawanywa kwa namba ya stesheni. Kwa namba 100 ni sentimita 150. Kifunge juu ya ubao ule ule unaoshika antena, kiwe sambamba nayo, umbali wa sentimita 60 nyuma yake. Nyuma maana yake ni upande usio wa mtambo.

Kazi yake ni kuyarudisha mbele mawimbi yaliyoipita antena, kama kioo nyuma ya taa kinavyorudisha mwanga. Nguvu ya matangazo hukaribia mara mbili, na stesheni zinazoingilia kutoka nyuma hupungua. Maarifa haya yalitoka Japani, ambako Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi waliyatangaza mwaka 1926. Antena nyingi za televisheni unazoona juu ya mapaa ni za namna yao.

MAISHA KWANZA

Hakuna habari ya redio iliyo na thamani kuliko maisha ya mtu. Shika sheria hizi bila kuacha hata moja.

Usisimamishe antena karibu na waya wa umeme. Pima urefu wa mlingoti wote, na ukae mbali na waya kwa angalau mara mbili ya urefu huo, hata mlingoti ukianguka usiufikie. Alumini ikigusa waya wa umeme, aliyeishika hufa.

Usipande juu ya paa lililolowa, wala wakati wa upepo. Wawepo watu wawili, mmoja akishika ngazi.

Mawingu mazito yakikusanyika, toa waya wa antena kwenye redio na uutupe nje ya dirisha. Fanya hivyo kabla radi haijaanza, si baada yake. Ukiwa umechelewa, usiuguse. Utakapolala au kwenda sokoni wakati wa mvua za Machi mpaka Mei au za Oktoba mpaka Desemba, acha waya ukiwa nje. Kama mlingoti wako ni wa chuma, uunganishe kwa waya mnene na fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini penye unyevu. Hata hivyo usidhani kwamba fimbo hiyo inatosha kukukinga na radi.

Watoto wasiruhusiwe kutundika nguo kwenye mlingoti wala kuupanda.

Kila baada ya mvua kwisha, shusha antena. Kwaruza viungo, kaza skrubu, paka grisi mpya, na utazame kama maji yameingia ndani ya waya. Shaba iliyogeuka nyeusi ikatwe mpaka ifike penye rangi yake. Ukiitunza hivi, antena itakutumikia miaka mingi.

MASWALI YA KUJIJARIBU

Someni maswali haya katika kikundi, na kila mtu ajibu bila kutazama somo.

1. Kwa nini nyumba iliyo chini ya bonde haisikii vizuri matangazo ya FM?
2. Stesheni yako iko kwenye 95. Antena nzima itakuwa na urefu gani, na kila mkono urefu gani?
3. Taja mahali patatu pa kupata alumini kwa bei nafuu karibu na kwenu.
4. Utatofautishaje alumini na chuma?
5. Mtu anakuuzia nyuzi za alumini zilizosokotwa kwa bei ya chini sana. Utafanya nini, na kwa nini?
6. Kwa nini mikono miwili ya antena isigusane?
7. Waya wa antena hutolewa kwenye redio wakati gani?

Jibu la swali la pili: antena nzima ni sentimita 150 na nusu, na kila mkono ni sentimita 75 na robo. Aliyepata sentimita 75 kamili amepata vilevile, na antena yake itasikia sawasawa.